Mji Kwanza, Kimya Baadaye: Wikiendi ya Mwezi Mpevu Mwanza

Julai 2024 nilimaliza mzunguko wa zamu za usiku wodini, nikapanda basi Shinyanga kwenda Mwanza kwa wikiendi ya peke yangu. Nilikuwa na haja mbili. Nilitaka kuzunguka mjini kwa miguu bila kuharakishwa na mtu. Nilitaka pia kukaa kando ya ziwa, nile chakula cha maana, nilale usiku kama watu wengine, mwili urudi kwenye ratiba yake.

Wengi wanaounganisha mambo haya mawili hutanguliza utulivu. Hushuka kwenye basi wakaenda moja kwa moja ufukweni, mji wakauacha wa mwisho. Mimi nilipanga kinyume, na ningemshauri hivyo mtu yeyote anayetoka kwenye kazi ya kukimbizana. Mtu akitoka wodini leo, kesho bado anasikia kengele za wagonjwa. Ukimkalisha juu ya jiwe na kumwambia atulie, kichwa kitaanza kupiga hesabu za dripu. Afadhali miguu itangulie kuchoka, maana usingizi wa mtu aliyetembea kutwa juani huja wenyewe.

Ramani ya Mwanza nayo inaukubali mpango huo. Mabasi yanayotoka Shinyanga huishia stendi ya Nyegezi, kusini mwa jiji. Kutoka hapo daladala hupita Butimba, Mkuyuni na Igogo hadi mjini. Luchelele, nilikokuwa nimeshika chumba cha mapumziko, iko upande huohuo wa Nyegezi, mbele ya Malimbe kilipo chuo kikuu cha SAUT. Kwa hiyo Ijumaa nililala gesti ya mjini, Jumamosi mchana nikahamia Luchelele, na Jumatatu asubuhi nikawa jirani na stendi. Anayegeuza mpango huu hujikuta Jumatatu alfajiri anavuka jiji zima na begi mgongoni, na utulivu wote unaishia kwenye foleni ya Mkuyuni.

Tarehe nayo niliichagua kwa kutazama mwezi. Jumapili ile ya tarehe 21 mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta juu, halafu wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku kadhaa, wakashona nyavu na kulala makwao. Siku za giza mambo ni tofauti kabisa. Injini za mitumbwi huanza kunguruma jioni, na alfajiri hurudi na makelele ya kupakua. Anayetaka kuona taa zimetapakaa ziwani aende mwezi ukiwa haujaandama. Anayetaka kulala aende mwezi ukiwa mpevu. Julai pia ni kiangazi, usiku una baridi, na sweta linahitajika kweli.

Kabla ya kutuma pesa ya chumba nilimpigia simu mama mwenye nyumba. Mtu akiuliza tu kama mahali pametulia, ataambiwa pametulia. Uliza mambo yanayoweza kujibiwa. Kuna ukumbi wa sherehe au baa karibu, hata ng'ambo ya ghuba ndogo? Maji hayana ukuta wala mti wa kuzuia sauti, na spika iliyo mbali inaweza kusikika chumbani kwako kama ya jirani. Jumamosi hii kuna harusi? Umeme ukikatika pampu ikasimama, tanki linabeba maji ya siku ngapi? Chandarua kinaning'inia kwenye fremu au kinafungwa kwa kamba moja? Cha kamba moja hukuangukia usoni usiku, mkono ukagusa wavu, na mbu huuma kupitia humohumo.

"Harusi ipo, mwanangu," mama alinijibu bila kuficha. "Ila ni upande wa barabarani. Nikuweke chumba cha nyuma, hakina ziwa dirishani lakini kina usingizi."

Nikachukua cha nyuma. Ziwa unaweza kulifuata kwa hatua chache, lakini usingizi ukishavunjika saa 8 za usiku hauna pa kuufuata.

Jambo jingine lilianza wiki moja kabla ya safari, nalo ni kahawa. Watu wengi huamua kuacha kahawa siku ileile wanayoanza mapumziko, na wikiendi yao inaharibika hapo. Maumivu ya kichwa ya kukosa kafeini huanza baada ya saa 12 hadi 24, na kilele chake ni siku ya kwanza au ya pili. Ukiacha Ijumaa jioni, Jumapili nzima umeshika paji la uso ukidhani ziwa limekupa homa. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili mpaka kibaki kimoja cha asubuhi, na hicho uendelee kukinywa. Jumamosi ile nilikunywa changu kijiweni, kahawa chungu na kashata, na Jumapili pia nilikunywa kimoja. Utulivu wa siku mbili hauhitaji kugombana na kikombe kimoja.

Mizunguko ya mjini ilianzia soko la samaki la Kirumba Mwaloni saa 1 asubuhi, wakati jua ndiyo linatoka. Huko dagaa wamejaa magunia kwa magunia, na kuwachagua ni ujuzi. Dada mmoja muuzaji alinisogezea konzi mbili viganjani, moja kutoka kila gunia.

"Hawa wa chanja, dada. Hawa wa chini. Vunja mwenyewe."

Wa kuanikwa juu ya chanja alivunjika kwa mlio, mgongo unang'aa fedha, harufu yake safi ya samaki mkavu. Wa kuanikwa mchangani alikuwa amekunjika, rangi imeanza kuwa ya kahawia, na ukimtafuna unasikia chembe kwenye meno. Rangi hiyo mara nyingi husema kwamba alinyeshewa kabla ya kukauka, au amekaa mpaka mafuta yake yakachacha. Mchanga unaweza kuuosha ukaisha kwa maji mengi, lakini uchachu hauoshwi. Nilinunua wa chanja, nikawaacha gesti kwa mhudumu wafungwe vizuri na kutumwa Shinyanga kwa basi, maana chumba cha mapumziko chenye harufu ya dagaa hakipumzishi.

Kutoka Kirumba nilielekea Capri Point, kwenye ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, inakoanzia boti ya Kisiwa cha Saanane. Kufika huko mapema kuna faida mbili: ziwa asubuhi limetulia, na mawe hayajapata moto. Beba kitambulisho, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa, na uwe na pesa kwenye simu au kadi kwa sababu malipo hufanyika kwa namba ya malipo. Kuvuka ni dakika chache tu. Hifadhi hii ina kilomita za mraba 2.18, na ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, na jina lake ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kuvua hapo kabla ya kuhamishwa.

Kwa mtu anayetafuta afya, Saanane ni bora kuliko ukumbi wowote wa mazoezi. Njia hupanda na kushuka kwenye mawe ya matale, na magoti yanafanya kazi ya kweli. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kandambili hapana. Michirizi myeusi kwenye mawe ni viumbe vidogo vinavyoota maji yanapopita, na vikiloa huteleza vibaya, hivyo kanyaga sehemu kavu yenye chembechembe. Ukishuka, mwili uinamie mbele kidogo na magoti yasinyooke kabisa. Wanaoogopa hulala nyuma, uzito unaenda kisiginoni, na mguu unaponyoka. Juu nilikaa kivulini nikamtazama mjusi dume, kichwa na mabega mekundu yanayoelekea waridi, mwili wa buluu, akipiga "pushapu" zake juu ya jiwe kumtisha mwenzake. Pimbi walikuwa wamejipanga kwenye ufa wakiota jua.

Bujora niliiacha, ingawa makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa ninayapenda. Iko barabara ya Musoma, upande mwingine kabisa wa jiji, na inataka nusu siku ya kutulia na ngoma zake. Anayebana Kirumba, Saanane na Bujora ndani ya Jumamosi moja hufika Luchelele usiku, amechoka kwa hasira. Mwisho wa mji uwe saa 9 alasiri. Nilikula sato wa kuchoma na ugali, nikapita Kamanga kuliangalia jiwe la Bismarck likiwa limesimama juu ya mengine, nikatoa pesa taslimu kwa wakala palepale mjini. Mawakala wa pembeni huishiwa salio Jumapili, na bodaboda wa Jumatatu alfajiri hangoji.

Luchelele nilifika jua likiwa bado juu. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako wako nyuma?"

"Niko peke yangu, mama. Nimekuja kupumzika."

Alinitazama kidogo. Mwanamke anayesafiri peke yake ataulizwa maswali hayo kila mahali, kuhusu mume, watoto, msiba. Jibu fupi la kweli linatosha, likifuatwa na jambo la kumpa mwenyeji kazi ya kukutunza. Nilimwambia mimi ni muuguzi, nimetoka zamu za usiku, nahitaji kulala saa 3 na kuamka saa 11. Akaelewa mara moja, na tangu hapo alimfukuza kila aliyetaka kuja kunisalimia. Nilimwachia pia namba ya dada yangu. Kuwa peke yako kusiwe kupotea: mtu mmoja nyumbani ajue uko wapi, na mwenyeji ajue ampigie nani. Simu niliizima data, nikaiwasha saa 12 jioni tu kwa robo saa, ujumbe mmoja kwa dada, basi.

Aliyetoka zamu za usiku ana kazi moja kubwa Jumamosi: asilale mapema mno. Ukianguka kitandani saa 11 jioni utaamka saa 7 usiku ukiwa mkavu. Mwanga wa jua la jioni ulinisaidia. Luchelele iko upande wa mashariki wa ghuba, inatazama magharibi, na Julai jua huzama ng'ambo ya ghuba karibu saa 1. Nilitembea ufukweni mpaka lilipozama. Baada ya hapo taa za chumbani zikawa hafifu, miguu ikaingia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na saa 3 nilikuwa ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Muziki wa harusi ulifika chumba cha nyuma kama mdundo tu, na haukuniamsha.

Jumapili alfajiri, mwezi mpevu ulikuwa bado juu ya ghuba upande wa magharibi. Hilo ni jambo la kupanga, maana mwezi ukiwa mpevu huzama wakati jua linachomoza, kwa hiyo anayetaka kukaa nje saa 11 anapata mwanga wa kutosha kuona anapokanyaga. Hata hivyo nilivaa viatu na nikabeba tochi, kwa sababu nyoka hupenda nyufa za mawe.

Nilikaa kwenye kigoda, nyonga zikiwa juu kidogo kuliko magoti. Kukaa chini kabisa kwa mtu asiyezoea huvuta mgongo, na baada ya dakika tano unachofikiria ni mgongo tu. Zoezi la pumzi ninalolitumia ni rahisi: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, pumzi sita kwa dakika, kwa dakika kumi. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, ukidhani ndivyo inavyofanya kazi zaidi. Midomo na vidole vikianza kuwasha kama vimekufa ganzi, unafukuza kaboni dioksidi kupita kiasi. Hesabu ibaki ileile, ila hewa iwe ndogo, tumbo lipande kidogo tu. Mawazo ya kazini yalipokuja niliyaandika kwenye karatasi, neno moja moja. Yakishaandikwa hayana sababu ya kurudi.

"Mwangaluka, mayu," mama alinisalimu kwa Kisukuma niliporudi.

"Mwangaluka."

Meza ilikuwa na uji wa ulezi na michembe iliyochemshwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Hapa nataka niseme wazi ninachoamini. Mapumziko ya afya hayahitaji kufunga kula wala kushinda na juisi. Ini na figo husafisha mwili kila siku bila kuagizwa, na mtu aliyepanda mawe jana juani, akashinda leo na juisi ya tikiti, ataona kizunguzungu na kukiita sumu zinatoka. Ni njaa na upungufu wa chumvi. Kula chakula kizima, punguza sukari na mafuta ya kukaangia, kunywa maji mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu.

Swali la kuogelea lilikuja kabla ya chai kuisha, maana mjukuu wa mama alikuwa anaelekea ufukweni na ndoo. Ziwa Victoria lina kichocho, na uzuri wa maji haukuonyeshi. Konokono wadogo wanaoishi kwenye matete na magugu hutoa mabuu mchana, wengi zaidi jua likiwa kali, nao hupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Kujifuta kwa taulo haraka hakutoshi kukulinda. Miguu yangu haikuingia ziwani. Nilioga maji ya kisima. Ambaye hana kisima atumie maji ya ziwa yaliyochemshwa, au yaliyokaa kwenye tanki lililofunikwa kwa siku mbili, kwa sababu mabuu wasipopata mtu hufa ndani ya muda huo. Aliyekwisha kuingia asimeze dawa kesho yake akajiona amepona. Praziquantel, dawa ya kichocho, haiui minyoo michanga, hivyo apime na kutibiwa wiki sita hadi nane baadaye, kipimo kikifuata uzito wake. Nilimweleza mama hayo yote, na mjukuu akatumwa bombani.

Mchana ulipita bila tukio. Nililala nusu saa kabla ya saa 9, nikasoma, nikatembea. Baada ya saa 8 upepo huinua mawimbi, na yeyote anayepanga boti ya matembezi aipange asubuhi.

Jioni mama aliniandalia kujifukiza. Sufuria ya lita mbili, mchaichai mwingi, majani machache ya mkaratusi. Wengi huungua hapa, kwa sababu huweka sufuria kitandani au mapajani. Iweke chini, mahali pasipoyumba, ikiwa imeshaepuliwa. Subiri dakika mbili, jifunike khanga, uso uwe mbali kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, macho yamefungwa. Dakika kumi zinatosha. Kunywa maji kabla, na ukimaliza kaa kwanza ndipo usimame, maana joto hutanua mishipa na presha hushuka ghafla. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mdogo waachane nalo. Halitibu malaria wala kifua kikuu, na nakataa kabisa linapouzwa hivyo. Linachofanya ni kupasha ngozi. Baadaye mwili ukipoa, usingizi huja. Ndiyo maana nilijifukiza saa 2 kasoro, si saa ya kulala.

Jumatatu bodaboda tuliyekubaliana naye bei tangu Jumamosi alifika saa 12 na nusu, na saa 1 nilikuwa Nyegezi. Mabasi ya Shinyanga ni mengi asubuhi, hakuna haja ya kukata tiketi mapema. Nilichagua dirisha la kulia, kwa sababu ukielekea kusini asubuhi jua huchoma upande wa kushoto, njia nzima ya kilomita kama 160.

Ratiba ya wodini ilinipangia zamu ya usiku huohuo wa Jumatatu. Ningeingia, usingizi niliourekebisha Luchelele ungevunjika kabla dagaa hawajafika nyumbani. Kwa hiyo kabla ya safari nilikuwa nimebadilishana na mwenzangu: yeye achukue Jumatatu usiku, mimi niingie Jumanne asubuhi, halafu nimlipe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilimlipa, pamoja na kilo mbili za wale wa chanja.